Mama Huyu Hayupo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wahariri, wapiga chapa, waandishi wenzangu mliokwaruzwa na penseli yake, na zaidi ya wote wewe mhariri wetu unayestaafu leo, ambaye tunakuita Bibi Futa ukishatoka mlangoni: hamjambo nyote.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akisema kwapa linambana, nafumua bila kununa. Basi niambieni, kwa nini fundi huyohuyo akiambiwa sentensi yake inabana, anataka kupigana?

Miaka sita iliyopita nilileta hapa muswada kuhusu mama yangu, aliyefariki miezi minne kabla. Nilimpamba haswa: mpole, mvumilivu, hajawahi kupaza sauti. Muswada ukarudi, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa penseli ya Bibi Futa: "Mama huyu hayupo."

Ndugu zangu, niliona giza. Hayupo! Nani asiyejua kwamba hayupo, na mimi ndiye niliyemshusha kaburini? Nikapanda ngazi za ofisi hii. "Nipe karatasi zangu," nikamwambia. "Mtu kafiwa, wewe unamkejeli?"

Bibi Futa akashika mdomo. "Pole, mwanangu. Nilimaanisha hayupo kwenye karatasi. Simwoni, simsikii." Akanisogezea kiti. "Alikuwa akikuitaje?"

Nikajibu kwa kisirani, "Kwani alikuwa anaita? Alikuwa anasoma orodha! Akinitaka mimi ataanza na dada, aje kwa mjomba, hata paka atatajwa, ndipo anifikie, na hapo keshakasirika kana kwamba nimebadili jina mwenyewe." Nikacheka. Kisha nikalia, mbele ya watu wanaokunywa chai.

"Huyo ndiye," akasema. "Kamlete."

Nikaenda nikafumua kurasa arobaini. Iliniuma, sisemi uongo, na nilimnunia wiki nzima. Lakini nisingefumua, ningekuwa nimemzika mama mara ya pili, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Kitabu kilipotoka nilimpa dada yangu. Alikaa kwenye karakana yangu akisoma kimya, nami napiga pasi. Akafika pale mama anapoita. Bila kuinua macho, dada akaitika kwa sauti: "Abee, mama!"

Bibi Futa, sina shukrani kubwa kuliko hiyo. Nakutakia mapumziko mema. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea sikio.