Jina Lililochorwa kwa Hina

Wasikilizaji wapendwa wa Ibra, Sur, Nizwa, na popote Kiswahili chetu kinapofika, wakubwa shikamooni. Ni mimi, Badria. Leo sikuja na sauti tamu. Nimechefuka, mtanisamehe.

Tunamkumbuka Simhachalam Gedela. Narudia, Simhachalam Gedela. Alikuwa Mtelugu, mtu wa Srikakulam, pwani ya Andhra kule India. Ndiye aliyetengeneza filamu ya mwanzo ya Kitelugu hapa kwetu Sharqiyah, Oman. Amefariki mwezi uliopita, akiwa Ibra.

Alifika Ibra kijana, akafungua studio ya picha za pasipoti. Siku za kazi akiwanyoosha watu shingo mbele ya pazia la buluu. Ijumaa akitengeneza filamu. Waigizaji wake walikuwa mpishi, mchomeleaji, na fundi cherehani Sasi. Huyu Sasi ni Mmalayali, wala si Mtelugu. Aliyakariri maneno yake yote bila ya kuyafahamu hata moja.

Filamu yake kubwa ilimhusu msichana wa Kitelugu, mtumishi wa nyumbani, anayekwenda soko la Jumatano. Soko hilo mnalijua. Ni la wanawake watupu, mwanamme haingii. Sasa mtu apigeje filamu mahali asipoweza kutia mguu?

Akamwendea jirani yake, Bi Ghanima, mzaliwa wa Unguja, mshona kofia. Bi Ghanima alinihadithia mwenyewe. "Nlimwambia, wee Simha una wazimu? Mie hata redio naiwasha kwa bahati! Akanipa kamera, akanambia chemsha maziwa. Niyapige filamu mpaka yapande, na yasimwagike. Wallahi nliunguza masufuria."

Alipoweza, akaingia sokoni na kamera. Simhachalam akabaki nje, ndani ya pikapu, mlango wazi, anangoja. Wanawake wakakataa kupigwa picha nyuso. Haya, akasema Simhachalam, nyuso ni zao. Fuata mikono.

Basi soko lote kwenye filamu ile ni mikono. Mikono inapima kitambaa, inafunga ubani, inachagua ndimu. Hata jina la Simhachalam lilichorwa kwa hina kwenye kiganja cha Bi Ghanima, Kitelugu juu, Kiarabu chini. Filamu inaanza kwa mkono huo kufunguka.

Sasa nisikilizeni uchafu. Kampuni moja ya matangazo, sitaitaja, ilichukua vipande vya filamu ile kutangazia utalii. Ule mkono wa mwanzo wakaukata. Sujatha, bintiye Simhachalam, aliyezaliwa Ibra na kujifunza Kiswahili jikoni kwa Bi Ghanima, akawafuata. "Niliwaomba kitu kimoja tu," anasema. "Jina la baba lirudi. Wakanambia ule mkono unachelewesha."

Unachelewesha! Mtu amekaa juani nje ya soko, kwa adabu zake, wiki baada ya wiki, halafu jina lake linakuchelewesha wewe.

Kisha akafa, ndipo wakampenda. Wiki iliyopita wakamfanyia hafla, ukumbini Nizwa. Nilikuwepo. Halwa, kahawa, maua kila pembe. Jukwaani wametundika picha kubwa ya marehemu. Natazama picha, ni fundi Sasi! Picha waliitoa kwenye filamu, pale alipoigiza mume. Na Sasi yu hai, amekaa safu ya mbele na kikombe mkononi, anajitazama amekufa.

"Mke wangu anapigiwa simu za pole tangu asubuhi," akaniambia, hajui acheke au akasirike.

Bwana Thabit, mkubwa wa kampuni, alipoambiwa alicheka. "Maalesh, si kitu, si wanafanana hawa?" Akapanda kuhutubia. Mhindi wetu hivi, Mhindi wetu vile. Jina hakulitaja hata mara moja. Na Thabit ni mtoto wa waliorudi, kama mimi! Wazee wetu walipofika hapa kutoka Unguja na Pemba waliitwa Zinjibari, wote jina moja, na liliwauma. Leo tumestarehe, tuna vyeo, na uchafu ule ule tunawapaka wenzetu. Kinyaa kitupu.

Upande wa wanawake, Bi Ghanima akainuka. Ni mtu mzima sana sasa, anakwenda kwa mkongojo. Akafika mbele ya Thabit, akafungua kiganja. Hina ilikuwa ya jana, bado nyekundu.

"Msibani hatupaki hina," akasema. "Mie leo nimepaka. Soma."

"Shikamoo bibi. Hili tutaliangalia baadaye, inshallah."

"Marahaba. Soma."

Thabit akainama, anakwama kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. "Sim... Simhachalam."

"Na la pili."

"Gedela."

"Tena. Kwenye kipaza sauti."

Akalisema tena. Sujatha akajifunika uso kwa shali yake, akalia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Sujatha, kwa jamaa wa Srikakulam, na kwa Bi Ghanima, tunatoa mkono wa pole. Fundi Sasi tunamwombea umri mrefu. Tangazo nimeliona tena jana, na mkono bado haumo.

Nawe unayenisikiliza, nyumbani mwako yupo anayekupikia, anayekufulia kanzu, anayekupelekea wanao skuli. Zima redio. Nenda kamuulize jina lake zima. Akikwambia, lirudie, mpaka akubali mwenyewe kwamba umelipatia.