Marehemu Mwalimu na Namba 1,111,111

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Kabla hajajua kufunga vifungo vya shati alikuwa akigawanya kila alichokiona: vigae vya sakafuni, mbao za baba, hata sisi wadogo zake.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari, na mwaka 1974 akaingia chuo cha ualimu. Huko ndiko alikoivalia njuga namba 1,111,111. Aliamini ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na alitaka kuthibitisha kwa mkono. Akaijaribu kwa namba tasa zote hadi 200, ikagoma. Zilizobaki ziliishia 1,051, kwa kuwa kigawanyo chochote kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo; akazigawana na binti aliyesoma naye darasa moja: yeye aanzie 1,051 akishuka, binti aanzie 211 akipanda, wakutane katikati. Kila jioni walikaa meza moja ya maktaba. Walipokutana, binti akasema, "Upande wangu hakuna hata moja." Tarehe 17 Desemba 1977 wakafunga ndoa.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na mitatu katika shule moja. Namba ile aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao, na maharusi wote waliomwomba neno aliwaambia, "Muwe kama hiyo. Haina pa kupasulia." Tulimtania kwamba ana wake wawili, na wa juu ya ubao ndiye bi mkubwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2018. Februari iliyofuata, wodini, binti yake mkubwa aliiandika namba ile kwenye simu ili amfurahishe baba. Simu ikajibu: 239 mara 4,649. Hiyo 239 ilikuwa upande wa mkewe.

"Ulikosea?" akamuuliza mkewe, aliyeketi kando ya kitanda.

"Sikukosea, baba watoto. Niliiona siku ya kwanza. Ningekwambia, kesho yake ungekuja maktaba kufanya nini?"

Wengine mtaona ni mapenzi. Kaka yetu hakuona hivyo, nasi hatutamsemea uongo mbele ya jeneza lake. Aliona amechezewa shere zaidi ya miaka arobaini, tena mbele ya darasa zima. Akageukia ukutani. Baada ya hapo alimtumia mkewe neno mara moja tu, kupitia kwa muuguzi: "Muulize, hiyo 4,649 nayo inagawanyika?"

Wifi akajibu, "Haigawanyiki."

"Nani atamwamini?" akasema marehemu, akaomba karatasi aanze kuigawanya mwenyewe.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi 2019, akiwa amefika 61. Ilibaki kujaribu 67 tu, ya mwisho kwa kanuni ileile. Wifi aliomba aimalizie yeye. Dada wa marehemu akamkatalia katakata, akaketi na kuigawanya mwenyewe kwa hasira. Ilikwenda mara 69, ikabaki 26. Haigawanyiki.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na dada aliyeandika haya, ambaye bado hajasema na wifi yake.

Kaka, pumzika. Mara ya pili hakukudanganya.