Mgombea wa Kura Moja: Historia ya Marehemu Fundi Vibao

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa nyuma ya karakana, na waheshimiwa ambao magari yenu yameziba mlango wa uani, familia inawasomea maisha ya mzee wetu, ambaye nyote mlimwita Fundi Vibao, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, wa kwanza akiwa dada yake, aliyekaa hapa mbele, kiti cha pili, na ambaye tutamfikia. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia Januari 1956 hadi Desemba 1962, akasifiwa kwa mwandiko na kuchapwa kwa mengineyo.

Mwaka 1964 alianza kujifunza kuchora vibao kwa mzee mmoja wa sokoni, na tarehe 1 Julai 1968 akafungua banda lake kando ya stendi, mlango wa mabati, makopo ya rangi yamepangwa kwa ukubwa, na hapakuwa na duka, kinyozi wala kliniki ya meno katika mji huu ambayo kibao chake hakikupita mikononi mwake. Alikuwa na desturi asiyoivunja hata kwa kibao cha kukataza watu kukojoa ukutani, kwamba kazi ikiisha huweka sahihi yake pembeni chini, yenye mkia mrefu, na mwaka.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na mshona sare za shule, ambaye alikwenda kumchorea kibao, kazi ya siku moja akaifanya siku tisa, na wakajaliwa watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja, na wajukuu tisa.

Sasa siasa, ambayo ndiyo wengi wenu mmeijia. Jimbo letu la mjini lilikatwa kutoka jimbo kubwa mwaka 1985, na marehemu, aliyekuwa ameandika majina ya wakubwa kwa miaka kumi na saba, akaona si vibaya akiandika na la kwake. Aligombea ubunge mara sita, kila baada ya miaka mitano, akashindwa mara sita, mara mbili na Mwoka Mikate, mara moja na mwalimu mkuu mstaafu aliyesinzia bungeni muhula mzima, mara mbili na Mwenye Mabasi, na mwisho na mtoto wa Mwenye Mabasi, ambaye tunamshukuru kwa hema hili, na tunamwomba ashushe bango lake lililo juu ya hema mpaka tumalize kuzika. Wote hao mabango yao aliyachora marehemu, akiwapunguzia mashavu na kuwaongezea nywele, wakang'aa kila kona, na zamu ya bango lake mwenyewe ilipofika rangi ilikuwa imekwisha na kampeni imebaki siku mbili.

Lakini kilichomuuma si jimbo, ni chumba kimoja, darasa la nne la shule ya msingi, ambamo mtaa wetu hupigia kura. Mwaka 1985 matokeo yalipobandikwa mlangoni, marehemu alikuwa na kura moja, na kura iliyoharibika ilikuwa moja. Marehemu akasema hiyo moja ni yake, maana aliipiga mwenyewe, akamuuliza mkewe ya kwake iko wapi, naye akajibu kwamba imo sandukuni, wahesabu tena. Hakuaminiwa. Dada wa marehemu, aliyejiandikisha darasa hilo hilo, alilia mbele ya watu kwamba yake imeibwa, akabembelezwa, na mke ndiye aliyepewa jina la Upinzani, akaitwa hivyo sokoni na kwenye vikao vya harusi kwa miaka ishirini na mitano.

Mwaka 1990 kura yake ikawa moja tena, na iliyoharibika moja, 1995 moja, 2000 moja, 2005 moja, na kila mara marehemu alikula wiki tatu bila kumtazama mpishi, huku akimcheka yule mjinga wa mtaani asiyejua kupiga kura bila kuiharibu. Mwaka 2000 mkewe alifungasha, akafika hadi stendi, akarudi, kwa sababu alikuwa na sare mia mbili za kumaliza, na kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri.

Kuanzia 2007 marehemu alisumbuliwa na presha ya macho, na uchaguzi wa 2010 sheria ilimruhusu kuingia na msaidizi. Dada yake alijitolea, lakini marehemu alimchukua mkewe, akisema angalau mara moja aone jinsi kura inavyopigwa. Nyuma ya kadibodi mkewe alimwonyesha kisanduku, naye marehemu akaweka alama vizuri kabisa, kisha akashusha mkono pembeni chini, akatia sahihi, mkia mrefu, na mwaka.

Mkewe alimuuliza polepole, "Baba watoto, na zile tano ulizitia sahihi?"

Marehemu akalishangaa swali. "Sasa mama, kazi yangu niitoe bila sahihi?"

Mkewe alimwita msimamizi wa kituo, ambaye alieleza kwamba kura yenye jina la mtu imeharibika, akampa karatasi nyingine. Jioni ile mlangoni mwa darasa la nne zilikuwa kura mbili. Marehemu aliomba asomewe mara tatu, akahesabu kwa vidole, akavua kofia mbele ya watu wote na kumgeukia mkewe.

"Ile moja ilikuwa yako," alisema. "Mara zote tano."

Dada yake akaomba maji. Hesabu iliyobaki, ya nani mwingine alipiga kura katika darasa lile, marehemu hakuifanya, na familia haitaifanya leo, kiti cha pili atulie. Jimbo alilikosa kwa kura elfu thelathini, akarudi nyumbani akiimba, na hakugombea tena.

Marehemu alilazwa hospitali kuu tarehe 6 Januari 2019 kwa ugonjwa wa moyo, na kila aliyekuja kumjulia hali alitambulishwa kwa mkewe kwa maneno mawili, mpigakura wangu. Alifariki tarehe 19 Januari, saa nne asubuhi, mkewe akimpaka mafuta miguuni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mlioleta viti, wachora vibao wenzake, na msimamizi wa kituo wa mwaka 2010, popote alipo. Jina la Upinzani linazikwa leo, na atakayelifukua atajibu mwenyewe. Nawe Fundi, pumzika kwa amani, mpigakura wako anakuaga.