Viti Vilivyopigwa X

Kwenye kona yetu benchi ni moja na wanaoligombea ni wanne. Kuna Wakili, ambaye ni fundi viatu na hajawahi kuingia mahakamani ila siku alipompelekea karani soli zake. Kuna Redio, kinyozi, ananyoa kichwa kimoja huku akiutangazia mtaa mzima. Kuna Turubai, mwenye stoo hapo nyuma yetu, anayekodisha maturubai na viti vya sherehe. Wa nne ni mimi, fundi mabegi, na kazi yangu kubwa ni kusikiliza upuuzi wao. Kahawa anatuuzia Shemeji. Ni shemeji wa nani hasa, tuliacha kuulizana zamani. Asubuhi hiyo Turubai alikuwa ametoa nje viti vyake vyote vyeupe vya plastiki, rundo kwa rundo, na nusu yavyo vilikuwa vimepigwa X nyekundu mgongoni, rangi ya mafuta. Alikuwa na tambara na mafuta ya taa, anasugua na kuhema. X wala haikumjali.

Wakili: Turubai, utasugua mpaka utoboe. Hiyo rangi ni ya serikali, haitoki kirahisi.

Turubai: Harusi ni Jumamosi. Mama wa bibi harusi kanipigia simu, kasema akiona X hata moja anachukua viti kwingine.

Redio: Ana haki. Ile harusi iliyopita si mliona? Watu wamesongamana mlangoni, wamesimama, na viti vya X viko wazi. Bwana harusi mwenyewe kapewa cha X, kakikwepa, kaenda kubanana na wakwe!

Turubai: Wamezoea. Miaka ya barakoa waliambiwa kiti chenye X hakikaliwi. Nani atawaambia sasa kwamba ruhusa imerudi?

Mimi: Si uvivishe vitambaa tu?

Turubai: Vitambaa vipi? Vyote vilikatwa barakoa wakati ule. Zile barakoa zenye maua ya dhahabu mlizovaa mtaa mzima, mlidhani zimetoka wapi?

Tukacheka, maana ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo moja, na kila nilipokwenda sokoni nilijiona bwana harusi.

Redio: Basi paka rangi nyeupe juu yake.

Turubai: Nilipaka. Ikabanduka, ikahamia kwenye gauni la shangazi wa watu. Yule mama ananilaani mpaka leo.

Wakili akaweka kikombe chini. Wakili akiweka kikombe chini, ujue kesi imefunguliwa.

Wakili: Nisikilizeni. X kapaka nani? Serikali. Viti vya nani? Vya raia. Huo ni uharibifu wa mali. Leo hii tunakwenda zahanati vilikopakwa, mimi na wewe, tunadai fidia ya kila kiti. Haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo dai vyote kwa mkupuo!

Mimi: Methali hiyo inasema kinyume, Wakili.

Wakili: Wewe shona mabegi.

Turubai: Nimdai aliyeniokoa? Wewe umesahau. Sherehe zilipopigwa marufuku, nilikuwa nimeshawaita watu wa kuyeyusha plastiki waje na gari. Serikali ikatangaza inakodi viti vya wagonjwa kusubiria kwenye nyua za zahanati. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakodishaji angepeleka vyake peke yake, si ana maghala? Akasema hapana, tutakwenda kwa zamu, mkubwa na mdogo. Zamu yangu ilipofika nililia, wala sioni aibu kusema. Wanangu walikula kwa viti hivi.

Shemeji: Hata mimi. Wenye kiwanda cha kahawa walitugawia sisi wa birika gunia la kuanzia upya, na manispaa ikatuachia ushuru mpaka watu waliporudi barabarani. La sivyo mngekuwa mnabishana hapa na midomo mikavu.

Redio: Na mimi chama cha vinyozi kiliniletea pipa la maji lenye bomba. Nawashukuru, nalitumia mpaka kesho. Lakini X ni X, jamani! Nyumba ikipigwa X nyekundu maana yake nini? Bomoabomoa! Imo kwenye hifadhi ya barabara. Turubai, viti vyako vimo barabarani.

Turubai: Viti vinahamishika, Redio!

Redio: Ndio ujanja wenyewe. Kiti kikihama, barabara inakifuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kiti kina miguu minne. Piga hesabu mwenyewe.

Wakili: Barabara wapi! Hiyo ni setilaiti. Ukikaa unaifunika X kwa mgongo, huko juu wanajua kiti kimepata mtu. Tulikuwa tunahesabiwa.

Mimi: Alama iko mgongoni mwa kiti, inaonekanaje kutoka juu?

Wakili: Inapita pembeni. Unadhani setilaiti ni mwavuli?

Turubai hakucheka tena. Simu yake iliita. Alikuwa yule mama wa bibi harusi. Akasikiliza, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, akaikata. Nilimwonea huruma. Harusi moja ikikukataa, wanawake wa kamati za sherehe wanaambiana, na mwaka mzima unakaa na viti vyako ukivitazama.

Wakili: Umeona? Shukuru upande, dai upande. Au watoto watakula shukrani?

Turubai akatupa tambara.

Turubai: Haya, twende. Na aliyepaka, kweli, alikosa hata chaki?

Redio: Mvivu huyo. Chaki inahitaji kurudia kila siku.

Wakili: Mlevi. Tazama mstari ulivyopinda.

Mimi: Na roho mbaya pia, kapaka mara mbilimbili.

Ndiyo, na mimi nilisema. Ubishi una utamu wake. Tulimchambua mtu yule kama tuliyelelewa naye.

Wakili alikuwa ameshavaa koti lake la kesi pale aliposimama mbele yetu mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Hatukumjua. Alikuwa anatazama viti.

Mwanamke: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba.

Mwanamke: Hivi ndivyo viti vilivyokuwa zahanati wakati wa ugonjwa?

Wakili: Ndivyo, mama. Wewe ni shahidi?

Mwanamke: Shahidi wa nini? Mimi nilivikalia nikiwa na mimba ya huyu. Siku moja baba mmoja akaja anakohoa, akataka kukaa kiti cha ubavuni kwangu. Mtu mzima, nikaona haya kumwambia asikae. Mkono wake ulikuwa umeshashika kiti. Akaiona X, akasogea mbali. Jioni wakamlaza na ugonjwa huohuo. Alipona, Mungu ni mwema. Na mimi nilijifungua salama.

Akamgeuza mtoto mbele tumwone. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akapiga chafya. Redio akaruka kiti kizima.

Mwanamke: Kila nikija kumpima huyu nasema leo nitauliza, halafu naona haya. Ni wewe uliyepaka, baba?

Turubai: Si mimi, mwanangu. Mimi niliviacha getini na kuvifuata getini. Ndani hatukuruhusiwa.

Mwanamke: Basi ni nani? Nataka kumwambia asante.

Nikamtazama Wakili, alikuwa anakagua kiatu chake mwenyewe. Nikamtazama Redio, mwenye habari za mtaa mzima, naye akawa anapuliza nywele kwenye mashine yake. Ulevi tulishampa mtu yule, na uvivu, na roho mbaya. Jina hatukuwa nalo, wala hakuna aliyewahi kuuliza. Niliona aibu, tena ile ya kuchoma masikio.

Mwanamke: Hamumjui?

Turubai akainama akatafuta kandambili zake chini ya benchi.

Turubai: Ngoja nivae, mwanangu. Twende wote zahanati tukamuulizie. Hata mimi sijamshukuru.

Redio: Na harusi?

Turubai: Tukitoka huko nitamwomba mama huyu tupite kwa mama wa bibi harusi, amwone mtoto na asikie habari ya hivi viti. Akivikataa baada ya hapo, basi hatukuandikiwa.

Mwanamke akakubali kwa kichwa, wakaanza kwenda, Turubai mbele akimtafutia njia isiyo na matope. Wakili akabaki amesimama na koti lake.

Wakili: Na fidia je?

Nikanyoosha kikombe changu, na Shemeji akaliinamisha birika mpaka mwisho kunionyesha kwamba kahawa imekwisha.