Bibi Dirisha na Chumba cha Kushonea

Wasikilizaji wapendwa, pumzi ni ya Mungu, na wiki hii ameichukua ya mwenzetu tuliyemwita Bibi Dirisha. Alikuwa fundi cherehani. Dirisha la chumba chake cha kushonea halikufungwa, iwe jua, iwe baridi.

Lakini zamani lilifungwa, tena likafungika. Msimu wa baridi kavu ulipoingia, aliziba kila upenyo kwa mabaki ya vitambaa. Hakutaka vumbi liguse magauni meupe ya maharusi. Zaidi ya hayo, alimlinda wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeshona naye humo na mwenye kifua dhaifu.

Mwaka mmoja mshonaji mwenzao akaja anapiga chafya. "Kamafua tu haka," akasema, akaketi. Haukupita muda, chumba kizima kinakohoa. Wifi akalazwa, anapumua kwa oksijeni.

Fundi akamlilia binti yake, muuguzi. "Nimeziba kila tundu, mwanangu. Baridi imempataje shangazi yako?"

"Mama, uliziba baridi isiingie, ukazuia ugonjwa usitoke."

Akamweleza taratibu. Virusi vya mafua hudumu zaidi kwenye hewa ya baridi na kavu. Chumba kikifungwa, pumzi ya mgonjwa hubaki ikielea, na wenzake huivuta. Hewa ikipita, pumzi hiyo hutawanyika. Jua nalo huviua virusi mapema.

Wifi alirudi nyumbani, Mungu ni mkubwa. Akakuta dirisha wazi, vyerehani vimesogezwa penye jua, magauni yamefunikwa shuka kuukuu.

"Wifi, siku hizi unawashonea watu au unawaanika?" akauliza aliyetoka hospitali.

"Nawaanika. Jitande shali yako, ushone."

Utani huo uliwafikisha uzeeni.

Bibi Dirisha amefariki usingizini. Msibani kulikuwa na baridi, na chumba cha kushonea kimejaa. Jirani akainuka kufunga dirisha. Wifi, amejitanda shali, akamshika mkono.

"Liache, mwanangu. Mwenye chumba hajaruhusu."

Jirani akaketi.

Tunampa pole binti yake, tunampa pole wifi yake. Wasikilizaji wapendwa, mama huyu alipenda vilevile, alipoziba na alipofungua. Tofauti ni kwamba alikubali kuambiwa. Nani nyumbani kwako anakuambia jambo, nawe umeziba masikio kwa vitambaa?

Mungu ampumzishe mahali penye hewa na nuru.