Tupa Ndogo ya Bi Mwamvita, Mkereza wa Tabata

Assalaam alaykum warahmatullah, na kwenu majirani na wafanyakazi wenzake marehemu mlio wa dini nyingine, tunawasalimu kwa heshima ile ile. Mie ni Faraji Marijani, karani wa bandarini, mdogo wake wa mwisho, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu kabla hatujamtoa, nami nimeyaandika leo hii hii kwenye meza ya karakana yake, kati ya saa nne na adhuhuri, kwa hiyo mkiona karatasi ina vumbi la mbao msidhani nimeiokota. Shemeji Nasser amenionya nisirefushe, nimemwitikia, lakini kuna jambo moja ambalo lazima nilitamke mbele yenu nyote, na litachukua muda wake.

Marehemu Mwamvita binti Marijani alizaliwa tarehe 9 Februari 1967, Mtoni, wilayani Temeke, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Mzee Marijani Sultani na marehemu Bi Mwanaidi. Baba yetu alikuwa mkereza, mwenye kuchonga kwa patasi mbao inayozungushwa kwenye mashine, na kazi yake ilikuwa miguu ya vitanda, ile yenye mafundo na shingo nyembamba ambayo nyumba yoyote ya pwani iliyojiheshimu ilikuwa nayo. Marehemu alianza shule ya msingi hapo hapo Mtoni mwaka 1975 na kumaliza darasa la saba mwaka 1981, akiongoza kwa hesabu, lakini hakuchaguliwa kuendelea na sekondari kwa kuwa nafasi za miaka ile zilikuwa za kugombaniwa, akalia siku moja, siku ya pili akaingia karakana ya baba, akaanza kwa kuzoa maranda, akaendelea na kunoa, na ilipofika mwaka 1984 alikuwa anakereza mguu wa kitanda mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya wazee wa mtaa walikuja kutazama, kisha wakamuuliza baba kama akili zake ziko sawa, baba akawajibu kwamba akili zake ziko sawa kabisa, ila macho yamepungua, na binti yake ana mazuri zaidi.

Ni katika karakana ile alipoipata tupa. Kwa wale msiojua mambo ya mafundi, tupa ni kile chuma chenye meno madogo madogo kinachotumika kunolea msumeno, na ya baba ilikuwa fupi, inaenea kiganjani. Alimfundisha kwamba patasi ya kukerezea haichaguliwi kwa kung'aa wala kwa maandishi yaliyogongwa ubavuni, unaishika, unapitisha tupa kwenye ncha, tupa ikiteleza ujue chuma ni kigumu na kitashika makali, ikiuma na kuacha mkwaruzo ujue umeshika bati lenye majivuno, kisha unakwangua rangi pale shingoni, karibu na mpini, uone kama chuma ni kipande kimoja hadi ndani au kimeungwa kwa kuchomelea. Amri ya baba ilikuwa neno moja tu, tupa, na dada alilirithi neno pamoja na chombo chenyewe. Akikukabidhi patasi na kusema tupa, alimaanisha ipime, ikishindwa akasema tena tupa, alimaanisha katupe huko, na sie tuliokuwa naye tulisikiliza sauti ili kujua ni tupa ipi.

Mwezi Oktoba mwaka 1989 aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Mzee Haroub pale Tandika, akakwangua patasi kumi na moja mbele ya muuzaji, akazikataa zote kumi na moja, akaaga kwa adabu na kuondoka. Muuzaji huyo alikuwa kijana Nasser Haroub, ambaye leo ni mgane ameketi pale mbele, na ambaye alikasirika wiki nzima, halafu akaagiza nyingine na kutuma salamu Mtoni kwamba mzigo umefika. Ya kumi na mbili iliteleza, dada akaikubali, na shemeji hadi leo anadai kuwa yeye naye alikubaliwa siku hiyo hiyo. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1990, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Alya aliyezaliwa mwaka 1992 na Talha aliyezaliwa mwaka 1996, pamoja na mjukuu mmoja, Munira, mwenye umri wa miaka sita, ambaye kwa taarifa yenu tayari anajua tofauti ya mninga na mkorosho kwa kunusa.

Mwaka 1998 walihamia hapa Tabata, na mwezi Machi mwaka uliofuata akafungua karakana yake mbele ya nyumba hii. Vitanda vya kukereza vilikuwa vimeshapitwa na vya chuma, naye hakupoteza muda kuvisikitikia, akageukia jikoni, akakereza michi, vinu vidogo vya kutwangia viungo, vifimbo vya kusukumia chapati, mipini ya miiko na ya pawa, na nadhani hapa hakuna mama ambaye hana angalau kimoja nyumbani. Mwaka 2015 alishirikiana na Bi Felicitas, aliyekuwa akitengeneza kule Kawe hereni za rezini, ule utomvu wa dukani unaomiminwa ukaganda kama kioo, wakaanza kuunganisha mbao na rezini za rangi, mpini nusu mninga na nusu buluu ya bahari, na mabibi harusi wakawa wanapanga foleni. Hapo napo aliweka masharti ambayo hakuna mteja aliyeweza kuyalegeza, rezini ikae kwenye mpini na isiingie chunguni hata kidogo, ikauke siku saba kamili hata kama harusi ni kesho, na isiguswe na patasi butu, maana alikuwa akisema, "Mti utakuvumilia, mwanangu, rezini inabanduka vipande inakurukia usoni." Wapo waliomwona mgumu. Alikuwa mgumu kweli, na mimi namsifu kwa hilo.

Kwa ugumu huo wakereza wa Tabata, Temeke na hata Kawe walimwita Bi Tupa, na kwa miaka mingi hakuna aliyenunua patasi mpya bila kuipitisha kwanza mikononi mwake. Nakumbuka fundi mmoja alileta seti nzima iliyokuwa kwenye sanduku la velveti, dada akaikwangua, akamrudishia, akamwambia, "Sanduku ni zuri sana baba, weka vijiko."

Sasa nafika tarehe 22 Agosti 2017, siku ambayo wengi wenu mnaijua kwa habari iliyosimuliwa, na habari hiyo haikuwa kamili. Saa tano asubuhi, akikereza mpini wa upawa, patasi ilikatika shingoni, mkono wake wa kushoto ukateleza kutoka kwenye kiegemeo cha patasi na kuingia kwenye mashine, na akapoteza vidole viwili, cha pete na kidogo. Ilipoangaliwa ikaonekana patasi ile ilikuwa imeungwa kwa kuchomelewa na kupakwa rangi juu, kitu ambacho tupa ingekifichua mara moja. Mafundi walipokuja kumpa pole na kuuliza ilikuwaje, dada alijibu watu wote jibu moja, kwamba alijisahau, hakuipima. Habari ikazagaa kwamba Bi Tupa naye kauziwa feki, watu wakacheka, wakaacha kumletea vyombo vyao, na wewe Mzee Benjamin, jirani yetu, mtu mzima na fundi mwenzake, uko hapo kwenye kiti cha mbele, nawe ulisema kwenye kikao cha mafundi kwamba heri kila mtu ajichagulie mwenyewe. Sikulaumu, ulisema kwa kadiri ya ulivyoambiwa.

Patasi ile niliinunua mimi. Siku mbili kabla, dada alinituma Kariakoo kwa kuwa nilikuwa na safari ya huko, akanitajia duka, akanipa tupa yake mkononi na kuniambia neno lile moja. Duka alilonitajia lilikuwa na watu wengi, nikaenda la jirani, nikaiona patasi inang'aa, ina nembo nzuri, na mie nilikuwa nimevaa shati la ofisini, nikaona haya kutoa tupa na kuanza kukwangua mali ya watu huku wauzaji wananitazama, basi tupa ikabaki mfukoni. Nilipofika hapa dada alinyoosha mkono aichukue tupa yake aipime patasi mwenyewe, nikamwambia, "Nimeshaipiga tupa, dada, iko safi." Hakuipima kwa sababu aliniamini. Hayo ndiyo aliyoyaita kujisahau.

Alijua siku ile ile, maana aliitazama shingo ya patasi kabla hata hajafungwa bandeji, kisha akanitazama mimi. Hakumwambia mumewe, hakuwaambia watoto wake, shemeji anayasikia sasa hivi pamoja nanyi. Alikaa wiki saba akiuguza mkono, siku ya kwanza ya kurudi karakana akaniita, akanipa tupa, akaniambia kuanzia leo mnunuzi wa vyombo vyangu ni wewe. Ndugu zangu, kwa miaka minane nimemnunulia kila patasi, kila kinoo, kila msumeno wa karakana hii, na hakuwahi hata mara moja kukipima nilichomletea, alikuwa anakipokea, anakitia kwenye mpini na kuwasha mashine, vidole vyake vitatu vya kushoto kwenye kiegemeo, na mie nimesimama pale mlangoni nimebana pumzi. Alinifunga kwa imani yake, nikawa mteja anayechukiwa kuliko wote Kariakoo, nakwangua kila kitu, aibu yote iliniisha, na najivunia kusema kwamba tangu siku hiyo hakuna chombo kilichokatika katika karakana hii.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2023, akatibiwa na kupata nafuu, akaendelea kukereza akiwa amekaa kwenye kiti kirefu alichotengenezewa na Talha, hadi mwezi Juni mwaka huu wa 2025 hali ilipobadilika na akalazwa. Tarehe 12 Julai, mchana, nilikuwa naye wodini, nikaona sina sababu ya kuendelea kunyamaza, nikamwambia nataka kuwaeleza watu ukweli wa ile patasi ili jina lake lirudi. Akavuta pochi yake kutoka chini ya mto, akatoa tupa hii ninayowaonyesha, akaniwekea kiganjani, akasema, "Faraji, tupa." Kisha akafumba macho akalala. Dada yetu alifariki leo tarehe 11 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkono wake ukiwa katika mkono wa Alya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, ambao aliwakosoa mara kwa mara kuhusu ubora wa mikasi yao na wakavumilia kwa tabasamu, inamshukuru Bi Felicitas aliyefunga safari kutoka Kawe kila Jumatano na uji wa ulezi, wakereza wote waliofunga karakana zao leo, majirani walioleta maturubai na masufuria bila kuombwa, na akina mama waliopika kwa miiko aliyoikereza yeye, naye angependa kujua hilo.

Desturi ni kwamba msomaji afikapo hapa huwaomba waombolezaji wamsamehe marehemu kama kuna aliyemkosea, nami naomba hivyo kwa dhati, lakini leo nawaomba na jingine. Kwa miezi miwili nimekuwa nikijiuliza ni tupa ipi aliyoisema siku ile, ipime au itupe, na sauti yake ilikuwa imeshaisha nguvu, sikuweza kuisikiliza kama zamani. Kama alitaka niutupe mzigo huu, basi nimeutua hapa mbele yenu, na kama alitaka nijipime, nimejipima, nimeungwa mahali pamoja na sasa mmepaona nyote. Shemeji Nasser, Alya, Talha, nisameheni. Mafundi wa Tabata, Temeke na Kawe, nisameheni, na muende mkaseme huko kwenu kwamba Bi Mwamvita hakuwahi kuchagua chombo kibaya hata siku moja, mwenye kosa alikuwa mdogo wake, na yeye alilibeba kosa hilo miaka minane kwa mkono wenye vidole vitatu, na watu wakimcheka.

Na sasa nawauliza kama ilivyo ada yetu, mnamshuhudiaje dada yangu?

Nimewasikia, mmesema alikuwa mtu mwema. Dada, wote wamekupima, tupa imeteleza. Mola akupokee, upumzike.