Uso Sikuuchora

KOKUBERWA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA SELINA: Koku, ni mimi.

KOKUBERWA: Mimi nani? Namba hii siijui.

MAMA SELINA: Mama Selina. Wa mihogo, hapa mwaloni Igombe, wanaposhushia samaki.

KOKUBERWA: Oh, shikamoo mama. Simu yako vipi, mbona —

MAMA SELINA: Marahaba. Nimeizima. Hii ya mtu, na ana haraka nayo. Koku, ile picha uliyonichora iko wapi?

KOKUBERWA: Ile niliyochora kwenye simu? Iko kwenye duka langu, lile la mtandaoni nililokuambia. Nilikuwa nije kukuonyesha. Ndiyo mchoro wangu wa kwanza kununuliwa, mama. Muda wote nachora kwa kidole kwenye hiki kioo kilichopasuka, naweka michoro, hakuna hata wa kuuliza, halafu —

MAMA SELINA: Itoe.

KOKUBERWA: Unasemaje? Unakatika.

MAMA SELINA: Nasema itoe. Sasa hivi, tukiwa tunaongea.

KOKUBERWA: Lakini si uliniruhusu? Ulisema chora, ila uso usiuchore. Uso sikuuchora. Umeinamia karai, umegeukia ziwani. Nani atakujua?

MAMA SELINA: Shingo umechora.

KOKUBERWA: Shingo ndiyo, lakini —

MAMA SELINA: Na kovu.

KOKUBERWA: Nilidhani mafuta yalikurukia. Nikaona... nikaona linaonyesha kazi.

[Upepo unavuma kwenye simu.]

MAMA SELINA: Si mafuta.

KOKUBERWA: Pole, mama.

MAMA SELINA: Umeshaitoa?

KOKUBERWA: Naitoa. Mtandao unazunguka tu. Kwani kuna nini?

MAMA SELINA: Mdogo wangu Justa kapiga kutoka Sengerema. Baba Selina anazunguka na simu, anawaonyesha watu picha. Anasema amenipata. Muda wote huu alikuwa hajui hata kama niko hai.

KOKUBERWA: Lakini picha haisemi uko wapi. Nimeandika "Mama wa Ziwa", basi. Ziwa kubwa hili. Atatafuta Ukerewe, atatafuta Musoma —

MAMA SELINA: Kataja Igombe. Kataja mwalo. Nani kamwambia? Haloo? Koku?

KOKUBERWA: Nipo.

MAMA SELINA: Nani kamwambia?

KOKUBERWA: Baba Selina anaitwa nani?

MAMA SELINA: Masele. Watu wanamwita Ngosha. Kwa nini?

KOKUBERWA: Yule mteja... aliyenunua fulana yenye mchoro wako. Anajiita Ngosha, kaweka picha ya ng'ombe. Aliandika vizuri sana, mama. Akasifia rangi. Akauliza huyu mama ni wa kweli au nimemtunga. Nikasema wa kweli. Akasema siku moja angependa aionje hiyo mihogo —

MAMA SELINA: Koku.

KOKUBERWA: Nilitaka na wewe upate wateja.

MAMA SELINA: Katoka asubuhi na pikipiki. Zamani kivuko kingemkalisha pale Busisi. Sasa kuna daraja, ni kukatiza tu.

KOKUBERWA: Alisema fulana atakuja kuichukua mwenyewe. Leo. Nimemwelekeza hapa nyum— subiri. Kuna simu inaingia.

MAMA SELINA: Usipokee.

KOKUBERWA: Ni yeye.

MAMA SELINA: Usipokee, nakuomba. Anaongea kwa upole yule, utajikuta umemwambia hata shule ya Selina.

KOKUBERWA: Imekata. Anapiga tena. Mama, nisipopokea atapitiliza moja kwa moja huko kwako. Nikipokea, namwambia fulana bado iko kwa fundi anayechapa, mjini, akanisubiri huko. Atapoteza muda.

MAMA SELINA: Halafu?

KOKUBERWA: Halafu siendi. Naenda polisi, dawati la jinsia. Meseji zake ninazo zote.

MAMA SELINA: Nilishapita huko mimi.

KOKUBERWA: Mimi sijapita. Nitaenda na kaka Mutalemwa.

MAMA SELINA: Peke yako usitoke. Umesikia?

KOKUBERWA: Nimesikia. Picha... imetoka. Imetoka, mama. Nafuta na ile ya kwenye simu.

MAMA SELINA: Selina aliiona kwa mwenzake. Aliniambia, mama, umependeza. Haya. Nimeshamtoa shule, tuko naye hapa na begi.

KOKUBERWA: Mnaenda wapi? Nina shangazi yangu Kisesa, ana chumba cha —

MAMA SELINA: Usinitajie.

KOKUBERWA: Hana maneno, mama, wala hatauliza —

MAMA SELINA: Koku. Wewe ni binti mwema. Ukiulizwa vizuri, unajibu. Kwa hiyo sikuambii.

KOKUBERWA: Sawa.

MAMA SELINA: Na namba hii ifute. Mwenyewe anaidai simu yake.

KOKUBERWA: Sasa nitakupataje?

MAMA SELINA: Mpokelee huyo. Ongea taratibu, kama unavyoongea siku zote.

KOKUBERWA: Mama Selina, nisame—

[Simu imekatika. Inaita tena.]

KOKUBERWA: Haloo, kaka Ngosha. Samahani, nilikuwa mbali na simu. Ndiyo... fulana bado iko kwa fundi, huko mjini. Nenda kanisubiri hapo stendi, nakuja... Nani, yule mama? Hapana, kaka. Aliko sijui.